Profesa Aliyefia Aya ya Tatu

Katika nchi hii hakuna mtu aliyeamua makala nyingi za kisomi kunishinda mimi. Elfu nne mia mbili na kitu. Nimewapa watu udaktari wa falsafa, nimewanyima watu udaktari wa falsafa, na wengine nimewarudisha mara tatu mpaka nywele zikawanyonyoka. Mimi, Aikande, wa darasa la saba! Haya, acha makofi. Sikusoma hata moja. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza kidole gumba kwenye kioo na kuchemsha chai, na kilichosifiwa ni chai.

Hapo ni Chuo cha Masafa, kituo cha Same. Wanafunzi wetu huwaoni. Mmoja ni askari magereza, mwingine ni nesi kisiwani huko, mwingine anachunga mitambo ya umeme jangwani peke yake na redio. Wanasoma walipo, wanaandika walipo, wanatuma. Makala ikifika jarida letu inapelekwa kwa mpitiaji asiyejua mwandishi ni nani, na mwandishi naye hajui mpitiaji ni nani. Ni kama posa za zamani: mnaonana mambo yameshaharibika.

Shida ilianza wapitiaji walipoisha. Wazee walikufa. Vijana wakasema kazi ya kusoma makosa ya mtu mwingine, bila malipo wala asante, waifanye wendawazimu. Ndipo chuo kikaleta vivuli. Profesa akifa, wanakusanya kila alichowahi kuandika pembeni mwa kazi za watu, miaka ishirini na zaidi ya "fafanua", "chanzo kiko wapi", "hapana, hapana". Wanaongeza barua zake na sauti yake ya kwenye simu. Wanavitia vyote kwenye kabati la chuma lenye baridi. Wiki tatu zikipita, kabati linakohoa, linaanza kupitia makala na kujibu barua za wanafunzi kwa jina lake.

Serikali ikashtuka. Ikasema maiti hawezi kumfelisha mtu aliye hai, ikatunga Sheria ya Kidole Hai: uamuzi wa kivuli si uamuzi mpaka mtu anayepumua aubonyeze. Sheria haikusema mtu huyo awe amesoma mpaka wapi. Dokta Rweyongeza, mhariri mtendaji wetu, akatazama huku, akatazama kule, akaniona mimi na birika langu.

Masharti aliyonipa yalikuwa mawili. Nisibonyeze kabla kivuli hakijamaliza kusema. Na nisikiambie kivuli kwamba kimekufa.

Hilo la pili alilirudia. Fundi mmoja aliwahi kuteleza mbele ya kabati la kwanza, la profesa wa hisabati. Alimwambia "pole" tu, kwa heshima, kama unavyompa mfiwa. Tangu siku hiyo kila makala inayoingia kabati lile inatoka nyeupe, haina hata nukta. Lakini ukiweka sikio kwenye mlango wake unasikia mtu anahesabu kwa sauti ya chini. Niliweka sikio mara moja. Alikuwa amefika mbali sana.

*

Namkunda Seleki alikuja asubuhi ya Jumanne, ameshuka kwenye lori la jasi lisilo na dereva, lile linalojiendesha lenyewe kutoka Makanya. Ni karani wa mizani huko. Magari yanajiendesha, lakini mizani bado wanataka mtu, maana gari halijui kuona haya likizidisha mzigo. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la jasi, ungedhani ni bibi mwenzangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeleta tamko?"

Mwandishi lazima alete kwa mkono wake tamko kwamba kazi ni yake. Kwa hiyo siri yote ya jarida wanaijua watu wawili: mhariri, na mwenye birika. Akanipa karatasi, hakuiachia.

"Bibi, nani atapitia?"

"Ni siri."

"Mambo ya elimu masafa kwa Kiswahili mpitiaji ni mmoja nchi nzima."

"Nimesema ni siri. Unataka sukari?"

"Bibi, nimemtaja humo ndani. Kwa herufi. Nimeandika kwamba amekufa."

Nikaweka birika chini.

Alikuwa mwanafunzi wetu mwaka wa kumi na moja. Kwetu huhitimu mpaka makala yako itoke kwenye jarida, na ukikataliwa mara tatu namba yako ya uanafunzi inafungwa, unarudi kuwa mtu tu. Namkunda alishakataliwa mara mbili. Hii ilikuwa ya tatu.

"Ungeandika kuhusu kitu kingine, mjukuu wangu. Kuna mambo mengi duniani. Andika kuhusu kuku."

"Mama yangu alifariki Novemba," akasema. "Nilimwandikia mkufunzi wangu, Profesa Mgonja, kwamba nitachelewesha kazi. Akanijibu ukurasa mzima. Bibi, ile barua niliisoma mpaka karatasi ikalegea. Hakuna aliyenifariji kama yeye. Januari nikapanda kijijini kwake Chome kumsalimu na kumshukuru. Mjomba wangu anakaa huko. Akanipeleka kaburini. Yeye mwenyewe ndiye aliyelichimba, mwezi wa nane."

Nikajifanya natafuta vijiko.

"Tuko wanafunzi mia mbili na kumi na wawili," akaendelea. "Tumefiwa na hatukuambiwa. Mpaka leo watu wanamwandikia pole ya mguu tulioambiwa umemlaza. Nimewahoji wote, kuhusu masomo yake tu. Makala yenyewe ndiyo hiyo: mtu anajifunza nini kwa mwalimu aliyekufa, na ni nani mwenye haki ya kumficha msiba wake."

"Sasa ikienda kwa mwenyewe?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe?"

*

Nilimpelekea Dokta Rweyongeza chai nikamweleza. Si mtu mbaya. Ni mtu mwenye meza iliyojaa.

"Makala nimeisoma," akasema. "Ni nzuri kuliko zote za mwaka huu. Ndiyo maana naumwa kichwa."

"Basi ipitishe wewe."

"Mhariri hapitishi, bibi. Anapitisha mpitiaji. Kivuli cha Mgonja kikiikubali, chuo kitaaibika, na mimi nitabeba aibu yangu. Lakini hakitaikubali. Kitaona ni uzushi."

"Kwa sababu hakijui."

"Na hakitajua." Akanigeuzia kioo chake. "Hawa hapa sitini na mmoja wapo kwenye foleni yake. Kila mmoja ana miaka kumi ya kusomea kibatari. Kivuli kikinyamaza kama kile cha hisabati, hawa wote wanasimama pale walipo, kwa sababu sina mwingine. Ukimwambia, tumemzika tena, na watu sitini na mmoja juu yake."

"Na Namkunda?"

Akakoroga chai isiyo na sukari.

"Kivuli kikiamua, wewe bonyeza."

*

Chumba cha makabati kiko uani. Saa tatu asubuhi jua la Same linakaanga bati, lakini humo ndani navaa sweta. Nilipoingia niliweka kikombe cha tangawizi mbele ya kabati la tatu, la Profesa Mgonja, kama kila siku. Asiniulize mtu kwa nini. Alipokuwa hai nilimwekea miaka kumi na tisa, mkono haujui kuacha. Adhuhuri huwa nakiondoa kimeota utando. Mara mbili nilikikuta kimepungua. Sisemi kitu. Nasema mara mbili tu.

Kabati likakohoa.

"Mchaga."

"Mpare."

"Umechelewa. Umepita sokoni kwanza kuona kama salamu zimepanda bei?"

"Nimepita mahakamani kukuangalizia ile kesi yako ya kuku. Hakimu anasema uuze ng'ombe wa pili, wa kwanza ameisha."

Kwa kawaida hapo hucheka. Sisi ni watani, Wapare wapenda kesi na Wachaga wapenda biashara, na yeye alikuwa Mpare kamili: angeweza kumrudishia mtu kurasa arobaini kwa sababu ya mkato mmoja. Siku hiyo hakucheka. Mashine za ubaridi zikanguruma, kisha zikatulia.

"Mguu unaendeleaje?" nikauliza. Ni jambo nililoagizwa kuuliza. Yeye anaamini yuko nyumbani Chome, anaongea nami kwa simu, amepewa kazi ya kufanyia kitandani mpaka mguu upone.

"Hauumi. Ajabu sana. Hata ule mzima hauumi." "Aikande, leo nimeuawa."

"Na nani tena?"

"Na mwandishi. Aya ya tatu. Sikiliza. 'Mkufunzi M. alifariki tarehe tisa Agosti kijijini kwake milimani. Wanafunzi wake hawakuarifiwa, na waliendelea kupokea masahihisho yenye jina lake.' Halafu ananinukuu! 'Hitimisho lako limefika kabla ya safari yako.' Nani mwingine anaandika hivyo?"

"Labda ni M. mwingine."

"Mpare, wa milimani, mguu mbovu, mwenye maneno yale. Tuko wangapi?"

"Mmoja alitutosha."

"Unajua kinachoniuma? Kazi ni nzuri. Huyu mtu amehoji watu mia mbili na kumi na wawili, hakuruka hata mmoja. Miaka yote ya kusahihisha sijapata mwanafunzi wa mbali anayekusanya ushahidi hivi. Ningekuwa na binti ningependa awe huyu. Lakini nyumba yote hii nzuri imejengwa juu ya uongo mmoja, kwamba nimekufa. Nikiikubali makala, nimekubali na kifo. Nitakubalije jambo ninaloweza kulikanusha kwa kukohoa?"

Akakohoa, kunionyesha. Kilikuwa kikohozi chake hasa, cha tumbaku aliyoiacha zamani. Nywele za shingoni zikanisimama, na mimi nilikisikia kila siku.

"Andika," akasema. "Imekataliwa. Sababu: takwimu za kupikwa. Jina la mwandishi lipelekwe kwa wahariri wote, asiandike tena popote."

Kioo kando ya kabati kikageuka chekundu, kikisubiri gumba langu.

Nilikuwa nimezoea rangi ile. Mara elfu na zaidi niliigusa huku nafikiria maharage niliyoacha jikoni. Safari hii nikaziona nyusi nyeupe za yule binti. Kidole kikakataa kutoka kwenye mfuko wa sweta.

"Mpe marekebisho basi, Profesa. Wengi unawapa."

"Kifo hakirekebishwi. Ama kipo ama hakipo."

"Mtu amesoma miaka kumi na moja."

"Umejuaje?"

Nikauma ulimi. "Wote husoma miaka kumi na moja. Wako mbali, barua zinachelewa."

Nikasikia, au nilidhani nasikia, kwenye kabati la kwanza, yule mwingine akiendelea kuhesabu.

"Kanuni ya tisa," akasema Profesa Mgonja, na sauti ikawa ile ya darasani, "inamruhusu mpitiaji kumuuliza mtu mmoja aliyeko kituoni athibitishe jambo la ushahidi. Mtu huyo ni wewe. Akidanganya, uamuzi wote umeoza. Nakuuliza rasmi. Niko hai?"

Watu sitini na mmoja upande huu. Mmoja upande ule. Na yeye katikati, gizani kwenye chuma, akidhani ni blanketi. Nikamwona akiambiwa, akianza kuhesabu kama mwenzake. Jamani, mtu niliyemchemshia chai miaka kumi na tisa.

"Uko hai, baba."

"Umejibu haraka."

"Swali la kijinga halihitaji kuandaliwa."

"Na umeniita baba. Tangu lini?" Hakusubiri nijibu. "Nina jambo la siku nyingi, sikutaka kulisema. Wewe mwanamke uliniombea kifo kila asubuhi. Hukuwahi kuruka siku. Unafungua mlango: 'Mpare, bado tu? Nimeshawaahidi watu viatu vyako.' Sasa hunitanii kifo. Unanitania kesi, unanitania ubahili, lakini kaburi hulitaji. Nilidhani umeokoka."

Hapo alinipata, na chuo chote hakikuwaza hilo. Mtani ana ruhusa ya kumzika mwenzake kila siku maadamu mwenzake anapumua. Akifa kweli, utani wa kifo unachezwa mara moja ya mwisho, msibani, mbele ya jeneza, kisha mdomo unafungwa. Mimi nilishacheza. Nilishafunga. Dokta alinifundisha nisiseme pole, hakunifundisha niendelee kumtukana.

Basi nikacheka. Kicheko kikatoka kama bati lililoanguka.

"Okoka nani! Nilikuwa nakupumzisha, maana kumzika Mpare ni kazi, hamtoi hata maji ya kunawa. Wewe ngoja ufe! Nitavaa lile koti lako la kijivu la kifungo kimoja, na viatu vyako nitavivaa kushoto kulia, nipande Chome. Nitasimama mbele ya jeneza nikohoe kikohozi chako mpaka mchungaji ageukie ukutani kuficha meno."

"Enhe," akasema. Sauti ilikuwa imelegea, kama mtu aliyekunwa mgongo. "Endelea."

Mwenyezi Mungu anisamehe, utamu ukanishika. Miezi minane nilikuwa sijamtania sawasawa. Mdomo ukanitangulia.

"Tena fundi atakata jeneza refu kuliko shimo, kwa kuwa mtakuwa mmebania kuchimba, Wapare nyie! Nakembetwa mdogo wako atasimamisha mazishi, anataka fundi ashtakiwe palepale, apewe na tarehe ya kesi. Watu mko kwenye manyunyu, mchungaji ameshika Biblia chini ya kanga ya mtu, wachimbaji wanaongeza upande wa miguuni. Unaona sasa? Hata ukifa mguu unaleta shida!"

Akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha puani, mpaka taa za kabati zikapepesa. Nami nikacheka naye, machozi yakanitoka, nikajifuta kwa mkono wa sweta.

"Na Elitumaini? Dada yangu naye umemwacha?"

"Nimwache! Huyo atatoka Voi na basi la asubuhi, atafika mmeshafukia. Anakuja analia kilima kizima, kiatu kimoja mkononi, kingine kimenasa kwenye tope pale darajani."

"Kiatu cha mguu gani?"

"Cha kushoto."

"Maskini. Alichelewa sana?"

"Wala. Hata robo saa haikufika. Wangemsubiri tu, mimi niliwaamb..."

Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Gumba lilikuwa limekwisha kutoka mfukoni lenyewe.

Mashine za ubaridi zikazima. Sikujua zinaweza kuzima. Kikombe cha tangawizi kilikuwa bado kinatoa moshi, na moshi ukainama kuelekea kabatini, polepole, kama kuna mtu anavuta pumzi.

"Wanafunzi wangu wakikisia," akasema mwishowe, kwa upole kabisa, bila hasira, "makisio yao huwa ya jumla jumla. Hayana kiatu cha kushoto."

"Profesa, mimi nilikuwa nakutania tu..."

Wekundu ukafutika kwenye kioo. Mahali pake pakaja rangi ambayo kabati lile lilikuwa halijawahi kumpa Namkunda Seleki, kijani, ya kukubali, ikisubiri kidole.

"Mwandishi hajapika takwimu, Aikande," akasema. "Aliyepika ni wewe."